Aliyesikiliza Injini ya Mwisho

Kirchheim, Ujerumani
9 Septemba 2013

Nives,

Mama alinipigia simu jana. Alinipa habari za mavuno ya zabibu, za paka, za jirani aliyevunjika nyonga, halafu mwisho kabisa, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi, akasema, "Na Nives ameanza kazi kwenye benchi la baba yako."

Nikajibu, "Vizuri." Unanijua. Kwenye simu maneno hunikwama kooni kama mfupa. Kwenye karatasi hakuna anayeniona uso ukinipanda moto, kwa hiyo nakuandikia.

Nafasi ile, kwenye benchi la kuunganishia injini za magari, ni yangu. Tangu nikiwa mdogo Baba alikuwa akiniambia, "Ukimaliza shule." Nimemaliza Julai. Agosti nikafungiwa begi na kupandishwa treni kuja kwa Shangazi Dea, eti kuna kazi nzuri kwenye kiwanda cha turbo. Nilidhani benchi halichukui mtu tena. Kumbe linachukua, ila si mimi.

Unajua ninachokililia, wala si mshahara. Injini ikikamilika, kabla haijawashwa mara ya kwanza, mdogo kuliko wote kwenye benchi huweka shavu kwenye tarumbeta, yale mabomba mafupi ya kuvutia hewa, moja baada ya nyingine, huku fundi akiizungusha injini kwa mkono. Ni yeye anayesikia injini ikivuta pumzi kabla ya mtu mwingine yeyote duniani. Mwaka huu ndiyo injini ya mwisho pale kiwandani inayovuta hewa yenyewe, bila turbo. Hakutakuwa na shavu lingine baada ya hili.

Na shavu hilo ni lako.

Iride

*

Vignola
18 Septemba 2013

Bibi Kimya wangu,

Kumbe unaweza kugomba! Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili kwa sauti, ili nisikie unavyofoka. Mama yangu akauliza, "Nani huyo?" Nikamwambia, "Iride." Akasema, "Haiwezekani."

Sikiliza, binamu, mimi sikuomba. Mjomba Learco alikuja nyumbani Jumapili, akanywa kahawa yake, akaniuliza, "Huna kazi?" Nikasema sina. "Kesho uje." Basi. Baba yako huongea kana kwamba maneno yanatozwa kodi.

Siku ya kwanza msimamizi, Bwana Malagoli, akanitazama kuanzia viatu mpaka nywele. "Learco, umetuletea fundi au mwanasesere?"

Nikamwambia, "Mwanasesere hajibu, bwana. Mimi nitakujibu mpaka uchoke."

Wote wakacheka isipokuwa Mjomba.

Ni kweli, ni injini ya mwisho. Masika wanaanza ile mpya, silinda sita na turbo mbili. Malagoli anasema sheria za moshi zimekaza, halafu turbo inatoa nguvu nyingi zaidi kwa mafuta machache, na mnunuzi wa siku hizi anataka namba, hataki wimbo. Jumapili gari moja jipya la aina hiyo lilipanda barabara ya milimani. Wazee wanaocheza karata pale kwenye baa hawakuinua hata vichwa. Mmoja akasema, "Nini kimepita?" Mwenzake akajibu, "Friji."

Lakini usilie sana. Wewe una mshahara, una treni zinazofika kwa wakati. Mimi nina aproni yako. Ndiyo, yako. Mama yako aliitoa kabatini, na ndani ya ukosi imeshonwa "Iride". Inanibana kifuani.

Nives

*

Kirchheim
6 Oktoba 2013

Nives,

Ungeweza kuninyamazia habari za aproni. Ungeweza pia kuninyamazia habari za kifua.

Umeniuliza kazi yangu ikoje, au hukuniuliza, sikumbuki. Nakueleza hata hivyo. Ndani ya turbo kuna gurudumu dogo, unaweza kulificha kiganjani. Moshi ambao Baba anautupa nje kwa bomba, hapa unarudishwa kazini: unalizungusha gurudumu hilo kwa kasi ya kutisha, nalo linasukuma hewa ndani ya injini kwa nguvu. Injini haina haja ya kuvuta. Inalishwa kijiko mdomoni kama mgonjwa. Kazi yangu ni kulipima gurudumu, kama upande mmoja ni mzito kuliko mwingine, na kukwangua chuma kidogo, kidogo kuliko unga unaobaki kidoleni, mpaka litulie.

Msimamizi wangu anaitwa Gudrun. Juzi alisimama nyuma yangu muda mrefu, nikadhani nimeharibu. Akasema nina mikono mizuri. Nilifurahi, Nives. Nilifurahi njia nzima mpaka nyumbani. Nilipofika nikakumbuka ni mikono ya nani iliyonifundisha, nikaona kama nimemwibia mtu.

Nimemwandikia Baba. Nilimuuliza neno moja tu: kwa nini Nives? Hajanijibu. Je, anajua kwamba nimeandika? Anaitaja barua yangu? Anapokufundisha, anakuita "mtoto" kama anavyoniita mimi? Usinijibu hilo la mwisho.

Jioni huwa nakaa kitandani nikikufikiria ukiwa pale, mikono yako na makelele yako, na kila mtu anakupenda. Watu wamekupenda siku zote. Mimi nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho wewe hukuwa nacho.

Iride

*

Vignola
20 Novemba 2013

Iride,

Usikasirike kwamba nimechelewa. Kazi imetubana, na ukungu umeshuka hivi kwamba naendesha baiskeli kwa kufuata taa ya mtu aliye mbele, nikiomba Mungu awe anakwenda kiwandani na si msibani.

Imekamilika. Jumatatu tulisikiliza.

Tulivuta vile vitambaa vya kuzibia tarumbeta vumbi lisiingie, kila kimoja na uzi wake mwekundu. Mafundi wote wakasogea na vikombe vyao vya kahawa. Mjomba akashika mtaimbo wa kuzungushia. Malagoli akaniambia, "Haya, binti, tuone kama hayo ni masikio au ni mahali pa kutundikia hereni."

Nikaweka shavu. Mjomba akazungusha polepole. Tarumbeta ya kwanza ikavuta nywele zangu za shavuni kama mtu anayenyonya supu ya moto. Nilitaka kucheka. Iride, ina baridi! Ni upepo mdogo unaokwenda ndani, na nyuma yake kuna sauti, si sauti, ni kama mtu anayetaka kusema jambo halafu anaahirisha. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu. Nilisahau kwamba watu wapo.

Ya saba haikuwa hivyo. Ilivuta, lakini kwa mbali, kama mtu anayepumua akiwa na mto usoni. Nikarudisha shavu. Mjomba akazungusha tena. Vile vile.

Nikainuka. Wote wananitazama. Malagoli amejiandaa kucheka. Mjomba akauliza, "Zote?"

Nikasema, "Zote nane, Mjomba."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda ndivyo ilivyo, labda ya saba huwa nzito kidogo kwa sababu ya mahali ilipo. Tumeziba tena kwa vitambaa vipya mpaka siku ya kuwashwa, Ijumaa tarehe 6 Desemba. Mwenye kiwanda anakuja, na padri na maji yake ya baraka, na waandishi wa magazeti ya magari. Wewe umekua ukisikia habari hizi mezani. Niambie: ya saba huwa hivyo?

Nijibu upesi.

Nives

*

Kirchheim
26 Novemba 2013

Nives,

Najua sauti hiyo ni nini. Nilijua kabla sijamaliza kuisoma sentensi yako. Baba aliwahi kunifanyia kusudi, nilipokuwa na miaka tisa, ili aone kama nitasikia. Nilisikia.

Sikwambii.

Ulipewa aproni yangu, ukapewa mahali pangu, ukaweka shavu mahali ambapo nimeota kuweka shavu langu tangu nijue kuota, na sasa unataka na masikio yangu pia? Muulize fundi wako. Yuko hatua mbili kutoka kwako. Mimi niko nchi nyingine, kwa amri yake.

Umenieleza vizuri sana ule upepo wa baridi. Nimeusoma ukurasa huo mpaka karatasi imelegea. Nilitaka kuuchana, nikashindwa, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu pekee ya injini ile nitakayowahi kuwa nayo.

Iride

*

Vignola
2 Desemba 2013

Iride,

Nimeipata barua yako leo. Nimepiga simu kwa Shangazi Dea mara mbili. Mara zote anasema umelala. Saa moja jioni!

Siwezi kumwambia Mjomba. Nilisema "zote nane" mbele ya benchi zima. Nikigeuka sasa, Malagoli atasema, "Si niliwaambia ni mwanasesere?" na Mjomba ataonekana amechukua jamaa yake kwa upendeleo. Ni neno moja tu, Iride. Niambie ni kitu kibaya au si kibaya.

Na kwa kuwa tunaambiana ukweli, pokea na wangu. Unafikiri wivu ni mali yako peke yako? Benchi linafungwa Krismasi. Mafundi wazee wanastaafu, wengine wanahamishiwa injini mpya. Mimi nilichukuliwa mpaka Desemba, basi, nilijua tangu ile kahawa. Wewe baba yako alizunguka miezi kukutafutia kazi ile. Alimwandikia Dea, akamwandikia kila mtu anayemjua Ujerumani, yeye ambaye hawezi kuandika hata kadi ya Pasaka. Mimi hakuna aliyeniandikia hata mstari. Nimekopeshwa aproni.

Ijumaa saa nne asubuhi wanaiwasha.

Nives

*

Vignola
8 Desemba 2013

Iride,

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia kwenye simu.

Ijumaa watu walikuwa wamejaa. Padri alishanyunyizia maji, mengine yakamwingia mwenye kiwanda shingoni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na tarumbeta, najiambia niseme, niseme, na mdomo haufunguki. Sasa najua wewe huishi vipi kila siku. Mjomba alishavuta vitambaa vyote vinane, alishaashiria. Malagoli akatoka ofisini anakimbia, na unene wake ule!

"Learco, ngoja! Kuna mtu kwenye simu. Anahema tu. Nilitaka kukata, akasema 'saba'."

"Saba nini?"

"Saba tu. Halafu analia. Atakuwa mwendawazimu."

Mjomba akaweka chini kitambaa alichoshika. "Huyo ni mwanangu," akasema, akaingia ofisini.

Tulimwona kupitia kioo. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa mara moja, kana kwamba unamwona. Alipotoka akasema, "Hakuna kuwasha." Mwenye kiwanda akauliza kuna nini. Mjomba akaifungua tarumbeta ya saba, akaingiza kibano kirefu, akavuta. Kikatoka kitambaa, cheusi kwa mafuta, bila uzi. Kilikuwa cha wiki za nyuma. Uzi ulikatika tulipobadilisha tarumbeta, kikateleza chini, na mtu akaziba juu yake kwa kingine. Kila mmoja pale alijua: ikiwashwa, kitambaa kinavutwa ndani, valvu haifungi, pistoni inaigonga, na injini ya mwisho inakufa mbele ya padri.

Malagoli akasema, "Nani alisikiliza?"

Mjomba akajibu kabla yangu. "Nani aliziba? Mimi. Basi." Halafu akanigeukia, kwa sauti ya chini. "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Walikuwa wananitazama, Mjomba."

Akafunga tarumbeta taratibu, bila kuniangalia. "Iride huogopa watu kuliko wewe," akasema. "Na amesema."

Iride, hata angenipiga kofi nisingeumia kiasi hicho. Akaniambia nisikilize upya. Nikaweka shavu, zote nane, na ya saba ikavuta safi, baridi. Lakini nilijua anayemsikiliza si mimi. Nilikuwa shavu tu.

Kisha ikawashwa. Mwanzoni ilikohoa, halafu ikapanda, ikapanda, hakuna kusubiri kati ya mkono wa Mjomba ulioongeza mafuta na sauti, kama vile ni koo lake mwenyewe. Ilipofika juu kabisa madirisha yalitetemeka, na Malagoli, yule yule, alivua miwani akaifuta, na haikuwa na kitu. Kisha Mjomba akaizima. Tukala tambi za tortelini kwenye mchuzi tukiwa tumesimama. Hakuna aliyetoa hotuba.

Je, ulisikia? Mjomba aliacha simu wazi? Mimi niliomba moyoni aiache wazi, na pia niliomba asiiache. Ukitaka kunichukia kwa hilo, haki yako.

Kesho tunasafisha benchi.

Nives

*

Vignola
8 Desemba 2013

Mwanangu,

Mama yako amenikalisha mezani na kunipa kalamu.

Uliniuliza kwa nini Nives. Kwa sababu Nives ningeweza kumwambia mwezi wa kumi na mbili, asante, kazi imekwisha. Wewe nisingeweza. Ungekaa pale, ungejua kila kitu ninachokijua, na mwaka ujao pasingekuwa na mahali pa kukitumia. Nimeona vijana wa namna hiyo. Wanazeeka wakiwa na miaka ishirini na tano.

Nilijua utanichukia. Nikaona afadhali unichukie ukiwa na kazi.

Injini ni nzima. Umesema neno moja na limetosha.

Baba

*

Kirchheim
17 Desemba 2013

Nives,

Hapana, sikusikia. Baba aliweka simu mahali pake vizuri, kama anavyoweka kila chombo. Nilibaki nimesimama kwenye meza ya Gudrun, nimeshika simu inayolia tuu tuu tuu, na wenzangu wote wameacha mashine zao wananitazama. Saa nne ilipita. Nikarudi kwenye gurudumu langu.

Barua yako ya tarehe 2 ilifika Jumamosi, mambo yote yalishapita. Kwa hiyo usiniwekee sifa isiyo yangu: sikupiga kwa kukuonea huruma. Usiku wa Alhamisi nilikuwa nakufikiria ukiaibika, na nilikuwa nafurahia. Niliifurahia picha hiyo mpaka mwisho, mpaka mahali injini inapowaka, na hapo nikaisikia ikivunjika. Kuanzia hapo sikuweza kukufikiria wewe tena. Ni ile injini niliyoipigia simu. Na mikono ya Baba.

Amenijibu. Nimeelewa anachosema, na anasema kweli, na bado nina hasira naye. Nadhani vyote vinaweza kukaa pamoja.

Unasema ulikuwa shavu tu. Unasema alikuwa ananisikiliza mimi. Nimeisoma sentensi hiyo kama mtu mwenye njaa. Halafu nikakumbuka kwamba nywele zilizovutwa ni zako.

Sasa jambo lenyewe. Mwanzoni mwa Novemba Gudrun aliniuliza kama ninamjua mtu mwenye mikono mizuri, kwa sababu mashine ya pili haina mtu. Nilijibu, "Simjui mtu." Nilikuwa nakufahamu wewe. Nilijua pia kwamba hapa ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayenilinganisha nawe, na sikutaka kugawana nawe. Jana nilikwenda kwake. Sikuandika karatasi, nilisema kwa mdomo wangu, nikiwa nimesimama, na uso ulinipanda moto mpaka masikioni. Nimemwambia nina binamu, anaongea sana, na alisikia kwamba tarumbeta ya saba imeziba mara ya kwanza kabisa aliposikiliza. Amesema uje tarehe 7 Januari. Shangazi Dea ameshaingiza kitanda cha pili chumbani.

Utakuja, najua. Kufikia Pasaka Gudrun atakuwa anacheka utani wako, na kiwanda kizima kitakuita kwa jina, na mimi watauliza, "Wewe ni yule binamu yake Nives?" Njoo hata hivyo.

Lakini siku utakayofika, kabla hujafungua begi, kabla hujamsalimia hata Shangazi Dea vizuri, utakaa kitandani pangu na kufumba macho, nami nitafunga mlango. Utanieleza moja mpaka nane, kila moja ilivyovuta. Polepole. Usiruke hata moja, na usinifanyie utani.

Binamu yako,
Iride